Florini za Medici, kalamu ya Machiavelli

Tarehe 23 Oktoba 1485, jijini Florence, mtawa aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya kulelea watoto waliotupwa aliandikiana mkataba na mchoraji Domenico Ghirlandaio. Mchoraji angechora juu ya ubao picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, iwekwe kwenye altare ya kanisa la nyumba hiyo. Angelipwa florini 115 za dhahabu, tatu kila mwezi, na kazi iwe imekwisha ndani ya miezi 30. Rangi na dhahabu angenunua kwa fedha zake mwenyewe. Samawati isiwe ya hivihivi: iwe ile ya thamani ya florini nne hivi kwa wakia. Na msimamizi alijiwekea haki ya kupunguza malipo endapo yeye ataona kazi haifikii bei waliyopatana.

Samawati hiyo ilisagwa kutoka kwenye lajuwardi, jiwe lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, huko Afghanistan, likapita mikono ya wachuuzi wengi kabla ya kufika Italia. Picha yenyewe bado ipo katika nyumba ileile. Mbele ya Mamajusi wamepiga magoti watoto wawili wadogo wenye kanzu nyeupe, mfano wa wale waliouawa na Herode, na kila mtoto aliyelelewa pale angeweza kujiona ndani yao. Nyumba ilijengwa kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri, kwa ramani aliyoichora Filippo Brunelleschi mwaka 1419, ikaanza kupokea watoto mwaka 1445. Hariri, yatima, dhahabu, jiwe la Afghanistan na mkono wa fundi: vyote vimekutana kwenye karatasi moja ya mkataba.

Tunapofundisha Kipindi cha Mwamko wa Ulaya, kwa kawaida tunawataja wasanii na kuwasahau waliowalipa. Wengine hukosea upande wa pili, wakadai kwamba sanaa ile yote ilikuwa mapambo ya matajiri na wala haina zaidi. Nimeisoma historia ya Florence kwa miaka mingi, na ninaamini pande zote mbili zinapitwa na jambo kubwa. Mali ndiyo iliyolipia rangi, marumaru na karatasi. Uhumanisti, yaani ile elimu mpya ya lugha na ya utu, ndio uliowafundisha matajiri wanunue nini na kwa nini. Lakini elimu hiyohiyo ilivipa vitu vilivyonunuliwa uwezo wa kumtoka mnunuzi mkononi, hata kumgeuka.

Tuanze na fedha zenyewe. Florence haikuwa na bandari yake ya maana wala machimbo ya dhahabu. Ilikuwa na sufu. Sufu mbichi ililetwa kutoka Uingereza na Hispania, ikaoshwa, ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi, kisha nguo zikauzwa katika masoko ya bahari yote ya Mediterania. Biashara ya masafa hayo ilidai fedha inayoaminika, na tangu mwaka 1252 jiji lilikuwa na sarafu yake ya dhahabu, florini, iliyokubalika kila mahali. Ilidai pia hawala, yaani karatasi iliyomwezesha mtu kutoa fedha Florence akazipokea London au Bruges kwa sarafu ya huko. Kanisa liliharamisha riba, lakini mabenki yaliificha faida ndani ya tofauti ya bei za kubadilishia sarafu. Benki ya ukoo wa Medici, iliyoanzishwa na Giovanni di Bicci mwaka 1397, ilikua kwa njia hiyo, na mteja wake mkubwa alikuwa Papa mwenyewe.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na watu wa Florence waliishi kwa kanuni hiyo. Mwandishi wa matukio Giovanni Villani alieleza kwamba kabla ya tauni ya 1348, watoto kati ya 8,000 na 10,000 walikuwa wakijifunza kusoma jijini, na zaidi ya 1,000 wakijifunza hesabu za biashara. Ndipo walipotoka wasomaji. Giovanni Boccaccio alikuwa mtoto wa mtumishi wa benki ya Bardi, naye alipoandika hadithi zake mia moja baada ya tauni, alijaza humo wafanyabiashara, mabaharia, watawa wajanja na wanawake wenye akili kali. Aliziandika kwa lugha ya Toscana, ile ambayo wafanyabiashara walitumia kuandikiana barua na kuandika madaftari yao. Fasihi ya lugha ya nyumbani ilikua pale ambapo watu wengi wa kawaida walikuwa tayari wameshika kalamu kwa sababu ya kazi.

Mali ile ilikuwa na upande wake mchungu, na siwezi kuuruka. Orodha ya kodi ya mwaka 1427, iliyolazimisha kila kaya kutaja mali yake, inaonyesha kwamba asilimia moja ya kaya za jiji ilishika zaidi ya robo ya utajiri wote. Chini yao walikuwa wachambuzi wa sufu, walioitwa Ciompi, ambao hawakuruhusiwa hata kuwa na chama chao. Mwaka 1378 waliasi, wakaiteka ikulu ya jiji, wakapata chama, na baada ya wiki chache tu kikavunjwa.

Tazama pia habari ya shabu. Bila shabu rangi haishiki kwenye sufu, na kwa muda mrefu shabu bora ilitoka nchi za Waturuki. Ilipogunduliwa Tolfa, katika ardhi ya Papa, mapema miaka ya 1460, Wamedici walipewa mkataba wa kuiuza mwaka 1466. Mwaka 1472 ugomvi juu ya machimbo mengine ya shabu uliufanya mji wa Volterra uasi, na Florence ikamkodi Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, aongoze jeshi. Volterra ikaporwa. Federico huyohuyo alikuwa na moja ya maktaba bora kabisa Italia, iliyojaa miswada ya Kilatini na Kigiriki, na ujira wa vita vya watu wengine ndio uliokuwa pato lake kubwa. Anayezipenda kurasa zile zenye nakshi, kama nizipendavyo mimi, ana wajibu wa kuikumbuka Volterra.

Sasa tuje kwenye elimu. Neno uhumanisti huwapotosha wengi, wakadhani lilikuwa dini mpya au upinzani dhidi ya Kanisa. Kwa hakika lilikuwa mtaala: sarufi, balagha, ushairi, historia na falsafa ya maadili, vyote vikisomwa kutoka kwa Warumi na Wagiriki wa kale. Francesco Petrarca alizikuta Verona, mwaka 1345, barua za Cicero kwa rafiki yake Atticus, akashangaa kukutana na Cicero mwenye hofu, hasira na siasa za kila siku badala ya mwenye hekima wa vitabuni. Coluccio Salutati, katibu mkuu wa jamhuri ya Florence, alisaidia kumleta Manuel Chrysoloras kutoka Konstantinopoli mwaka 1397 aje kufundisha Kigiriki. Poggio Bracciolini alipekua maktaba za nyumba za watawa, akapata kitabu kizima cha Quintilian huko St. Gallen, Uswisi, mwaka 1416, na shairi refu la Lucretius mwaka uliofuata.

Msako huo ulizaa tabia ya kuuliza. Nani aliandika hiki? Lini? Kwa maneno ya zama gani? Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliichukua hati ambayo mapapa waliitegemea kudai kwamba mfalme Konstantino aliwapa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Akaonyesha kwamba baadhi ya maneno yake hayakuwa yakitumika katika Kilatini cha wakati wa Konstantino. Hati ilikuwa ya kughushi. Valla alikuwa akimtumikia Alfonso, mfalme wa Aragon, aliyekuwa na ugomvi na Papa, kwa hiyo mlipaji alifurahi. Lakini njia aliyoitumia haikuwa mali ya Alfonso. Mtu mwingine yeyote mwenye sarufi nzuri angeweza kuielekeza kwenye hati ya mfalme yeyote.

Elimu hii iliikuta mali ikiwa na dhamiri nzito. Kwa karne nyingi mahubiri yalisifu ufukara na kumtisha mla riba kwa moto wa milele. Wahumanisti walileta sauti nyingine. Mwaka 1420 Leonardo Bruni alitafsiri kwa Kilatini kitabu cha uchumi wa nyumba kilichodhaniwa kuwa cha Aristotle, akamtunukia Cosimo de' Medici, akieleza kwamba mali humpa mtu nafasi ya kutenda wema. Poggio aliandika mjadala juu ya uchoyo, na mmoja wa wasemaji wake akathubutu kudai kwamba bila tamaa ya mali miji isingekuwa na majengo wala fahari. Hoja hizi zilimpa tajiri njia ya kusimama mbele ya watu bila aibu, mradi atumie kwa ajili ya wengi na kwa jinsi itakayoonekana.

Cosimo alizielewa sana. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyemfahamu, anasimulia kwamba Cosimo alihisi baadhi ya fedha zake hazikupatikana kwa njia safi, akamwendea Papa Eugenius IV kutafuta shauri. Papa alimwelekeza atumie florini 10,000 kuijenga upya nyumba ya watawa ya San Marco, naye akatumia zaidi ya hizo. Michelozzo alijenga, Fra Angelico akachora kuta za vyumba vya watawa, na humo ikafunguliwa maktaba iliyopokea vitabu vya Niccolò Niccoli, msomi aliyekuwa ametumia urithi wake wote kununua miswada. Wasomi wa jiji waliruhusiwa kuingia na kusoma. Hesabu zilizoachwa na Lorenzo, mjukuu wa Cosimo, zinaonyesha kwamba kati ya 1434 na 1471 ukoo ulitumia florini 663,755 kwa majengo, sadaka na kodi. Linganisha na zile 115 za Ghirlandaio.

Kwenye sanaa, elimu ilibadilisha hata kile ambacho mlipaji aliomba. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, aliyezaliwa katika ukoo wa wenye mabenki uliofukuzwa Florence, aliandika kitabu juu ya uchoraji. Humo alieleza kanuni za kuonyesha umbali kwa hesabu za mistari, kisha akasema jambo lililogusa mifuko: mchoraji anayeonyesha mng'aro wa dhahabu kwa rangi za kawaida anastahili sifa kuliko anayebandika dhahabu yenyewe. Thamani ikaanza kuhama kutoka kwenye vifaa kwenda kwenye akili na mkono. Msimamizi wa watoto mwaka 1485 bado alihesabu samawati kwa wakia. Miaka miwili tu baadaye, Filippo Strozzi alipomwajiri Filippino Lippi achore kanisa dogo la ukoo wake kwa florini 300, mkataba ulisisitiza kwamba kazi yote, hasa sura za watu, ifanywe kwa mkono wa Lippi mwenyewe. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa. Florence ilijifunza kumtunza fundi kwa ajili ya jina lake, na fundi mwenye jina huweza kumwambia mlipaji hapana.

Hata hivyo, kazi ikishatoka karakanani huanza safari yake yenyewe. Donatello alitengeneza sanamu ya shaba nyeusi ya Yudithi, mjane wa katika Biblia, akiwa ameinua upanga juu ya jemadari mlevi Holofernes. Ilisimama nyumbani kwa Wamedici. Mwaka 1494 ukoo huo ulifukuzwa, na mwaka uliofuata wananchi waliibeba sanamu hiyo, wakaisimamisha mbele ya ikulu ya jamhuri, wakachonga maneno ya kuonyesha kwamba imewekwa kama mfano wa wokovu wa umma. Shaba ilikuwa ileile. Upanga uliolipiwa na Wamedici sasa ulielekezwa kwao. Mwaka 1504 Daudi wa Michelangelo alichukua mahali pale, naye akaliangalia jiji kama mlinzi wa uhuru wake.

Katika fikra za siasa, kisa kinafika kileleni. Bruni, aliyekuwa katibu mkuu wa jamhuri kama Salutati kabla yake, alilisifu jiji kama mrithi wa Roma ya kijamhuri, mahali ambapo vyeo viko wazi kwa kila mwenye uwezo. Maelezo hayo yaliipamba serikali ambayo kwa kweli ilikuwa ya koo chache. Tangu 1434 Cosimo alitawala bila taji wala cheo cha kudumu: majina ya viongozi yalitolewa kwa kura kutoka mifukoni, na watu wake ndio waliochagua majina yaingiayo mifukoni. Lakini sifa zile za uhuru ziliandikwa, zikasomwa, zikakaa vichwani mwa watu. Siku Wamedici walipoondoka, maneno ya kuijenga jamhuri upya yalikuwa tayari.

Niccolò Machiavelli alizaliwa mwaka 1469, akaitumikia jamhuri hiyo kuanzia 1498 kama katibu wa pili, akipelekwa kwa wafalme na majemadari na kuunda jeshi la wananchi. Mwaka 1512 Wamedici walirudi kwa nguvu ya askari wa Kihispania. Alifukuzwa kazi, akashukiwa njama, akateswa kwa kamba, kisha akaenda kuishi kwenye shamba lake nje ya jiji. Desemba 1513 alimwandikia rafiki yake Francesco Vettori kwamba kila jioni huvua nguo zenye matope, huvaa za barazani, kisha huingia kwenye vitabu kuwauliza watu wa kale sababu za matendo yao. Hapo ndipo kilipozaliwa kitabu chake kidogo juu ya mtawala, alichowatunukia Wamedici akitumaini kupewa kazi.

Wengi humhukumu kwa kitabu hicho tu. Mimi naona moyo wake zaidi katika mazungumzo yake marefu juu ya historia ya Roma iliyoandikwa na Livy. Humo anasema mgongano kati ya wakuu na watu wa chini, ambao wasomi wengi waliulaani, ndio uliozaa sheria zilizolinda uhuru wa Roma. Anasema jamhuri iliyopangwa vizuri huweka hazina ya umma tajiri na raia wake maskini. Anasema wale wanaoishi kwa pato la mashamba bila kufanya kazi yoyote ni sumu kwa kila jamhuri. Haya yanaikosoa misingi yenyewe ya utajiri wa Florence, na yanatoka kwa mtu aliyelelewa na elimu ambayo utajiri huo uliilipia.

Mwaka 1520 Kardinali Giulio de' Medici alimkabidhi kazi ya kuandika historia ya Florence kwa malipo. Donato Giannotti alisimulia baadaye kwamba Machiavelli alimweleza siri yake: juu ya Cosimo hangeweza kusema kila kitu, kwa hiyo anayetaka kuujua ukweli asome kwa makini maneno atakayoyatia katika vinywa vya wapinzani. Mwaka 1525 alikipeleka kitabu kwa Giulio, ambaye sasa alikuwa Papa Clement VII. Ndani yake, katika habari za 1378, anasimama mchambuzi wa sufu asiye na jina na kuwahutubia wenzake. Anawaambia kwamba watu wote wakivuliwa nguo watafanana, na kwamba waliofika kwenye mali nyingi walifika kwa nguvu au kwa hila. Machiavelli hakumtakasa mtu yule, ambaye lengo lake lilikuwa kuchochea fujo. Lakini alimpa balagha bora kabisa, ile ya wahumanisti, na akaiweka mbele ya mkuu wa ukoo wa Medici. Mchambuzi wa sufu ndiye aliyesema kwamba tofauti ya watu ni nguo.

Tangu Machiavelli alipokuwa bado katibu, fedha za Florence zilikuwa zikisafiri kuelekea kwetu. Bartolomeo Marchionni, tajiri wa Florence aliyekaa Lisbon na kufanya biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi, alitia mtaji katika merikebu mojawapo ya msafara wa Cabral wa mwaka 1500, uliopita Kilwa na Malindi. Msafara wa Francisco de Almeida, uliopora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, ulikuwa na mitaji ya wafanyabiashara wa Kijerumani na Kiitalia. Katika pwani yetu, mwamko ule ulijulikana kwa mizinga. Ukweli huu haufuti uzuri wa kuta za San Marco. Unatupa haki ya kuziangalia tukiwa tumesimama wima, na kuuliza maswali yaleyale ambayo Valla aliuliza juu ya hati yake.

Mlipaji ana nguvu kubwa: huamua ukubwa wa ukuta, bei ya samawati, hata ni nani ale na nani alale njaa. Asichoweza kukiamua ni nini msomaji wa kesho atafanya na kilicholipiwa, kwa sababu elimu ikishamfundisha mtu kusoma barua ya Cicero, imemfundisha pia kusoma daftari la bwana wake.

Mwaka 1475 wakili mmoja wa Florence asiye na fedha nyingi, Bernardo Machiavelli, alikubaliana na mchapaji amtayarishie faharasa ya majina ya mahali yote yaliyotajwa na Livy. Kazi ilimchukua miezi mingi, na ujira wake ulikuwa nakala ya kitabu chenyewe. Ilijalidiwa mwaka 1486, na fundi akalipwa kwa chupa za mvinyo. Mwanawe Niccolò alikuwa na miaka 17, na Livy sasa alikuwa nyumbani kwao. Kati ya zile florini 663,755 za Wamedici na zile chupa chache za Bernardo, ninajua ni malipo gani yaliyoipa dunia kitabu juu ya uhuru.